Plato ya pili ndiyo, derayeri hapana



Tangu trimestri hii ianze, kila mahali hapa masomoni maneno ni mamoja tu: kinga. Kwenye bomba la maji, kinga. Kwenye foleni ya chakula, kinga. Hata juzi katika saa ya kujifunza ya magaribi tulilazimika kunyamazisha darasa la tatu mara mbili, kumbe hawagombani, wanabishana juu ya meno ya plato. Basi sisi makapita tumeona afazali tuandike mawazo yetu hapa, yasomwe na wote, kuliko kuyatupa kidogo kidogo njiani.

Jambo mnalijua. Shule iko na kinga tatu kubwa, zile nyeusi za magurudumu ya inchi 28. Ndizo zinazoleta mchele na mafuta ya mawese ya intarnati, ndizo zinazompeleka mgonjwa usiku, na Jumamosi tunawaazima wenzetu wanaobeba vitu mpaka Alunguli ili wapate minervali. Madarasa yote yalitoa feza kidogo kidogo, kwa namna ya likelemba, ili kinga hizi zitengenezwe. Feza iko. Sasa tuifanyie nini?

Upande mmoja unasema: tutume mtu avuke Lualaba mpaka sokoni Kindu, anunue mekanika yote ya kinga za okazio, plato tatu za mbele, derayeri ya mbele, derayeri ya nyuma, kabule na vishikio vyake, tuvifunge vyote kwenye kinga moja, iwe kinga ya vitesi ya kweli, na zile mbili zibaki hivyo. Upande mwingine unasema: acheni mambo ya wazungu, baba zetu walipanda na plato moja na wakafika. Tuweke matairi mapya, basi.

Sisi hatuko upande wa kwanza wala wa pili. Tunasema kila kinga kati ya hizo tatu ipate plato ya pili iliyo ndogo, na rulibre ya pinyo nyingi nyuma, lakini derayeri tuiache sokoni. Mnyororo tutauhamisha kwa mkono. Wengine watacheka. Wasome kwanza.

Kwa nini tunalitia jambo hili moyoni hivi? Kwa sababu sisi ndio tunaoshika daftari la wasiokuja. Jumatatu asubuhi majina ni yale yale. Hawa si wavivu. Ni vijana waliotoka Jumamosi na bidoni za mafuta, wakalala njiani ao ng’ambo, wakarudi Jumapili usiku na miguu imevimba. Mwalimu wa hesabu anaita jina, kimya. Akifika saa ya tatu, analala juu ya meza. Tuko wa darasa la sita, mtihani wa Serikali unatungoja, na tumekwisha kuona wenzetu wawili wakiacha masomo kwa njia hiyo hiyo: kwanza Jumatatu moja, kisha Jumatatu zote, kisha wiki. Mnyororo na plato haviwezi kulipa minervali ya mtu. Lakini vikimrudisha nyumbani Jumapili mchana badala ya usiku, hilo si jambo dogo.

Tuingie katika hesabu, kwa sababu ubishi bila hesabu ni kelele.

Kinga zetu ziko na plato ya meno 46 mbele na pinyo ya meno 18 nyuma. Gawanya: 46 kwa 18 ni 2,56. Maana yake, pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na nusu na kidogo. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda meta 2,23 hivi. Basi kila mzunguko wa pedali unakupeleka meta 5,7. Kwenye njia iliyo sawa, bila mzigo, ni vizuri sana. Tatizo ni kilima.

Tuchukue kijana wa kilo 60, kinga ya kilo 20, na mzigo wa kilo 50, yaani bidoni mbili za mafuta na mfuko mdogo. Jumla ni kilo 130. Njia inapanda meta 6 kwa kila meta 100. Kufuatana na hesabu ya mlima, tuliyojifunza katika fizika darasa la nne, mzigo huo unavuta nyuma kwa nguvu ya kilo 7,8. Lakini nguvu hiyo iko kwenye ukingo wa gurudumu, mbali na kati kwa sentimeta 35 na nusu, na mkono wa pedali una sentimeta 17 tu. Halafu zidisha kwa 2,56. Unapata kilo karibu 42 kwa wastani, mzunguko mzima. Na mguu hausukumi sawasawa mzunguko mzima. Pedali ikiwa juu kabisa ao chini kabisa haufanyi kazi. Kwa hiyo pale katikati, unaposukuma kweli, inatakiwa kilo kama 65. Kijana mwenyewe ana kilo 60! Hata akisimama na mwili wote juu ya pedali moja, haitoshi. Na hatujahesabu mchanga wala matope. Ndiyo sababu wote wanashuka na kusukuma. Si woga, si ulegevu. Ni hesabu.

Sasa weka plato ya meno 34 mbele na pinyo ya 28 nyuma. 34 kwa 28 ni 1,21. Zile kilo 65 zinakuwa 31. Mguu wa kilo 60 unaweza hiyo, tena umekaa. Kwa mzunguko mmoja utakwenda meta 2,7 tu, ndiyo, lakini ukizungusha mara 50 kwa dakika unakwenda kilometa 8 kwa saa. Mtu anayesukuma kinga yenye mzigo mlimani hafiki hata nusu ya hiyo.

Hapa lazima tuseme ukweli mmoja ambao ndugu wa plato tatu hawapendi kuusikia. Kuna kinga ya kupanda na kuna kinga ya kusukuma. Wale papa tunaowaona njiani wakisukuma kinga yenye bidoni sita ao nane, na fimbo imefungwa kwenye giduni ya kuongozea, fimbo nyingine nyuma ya kiti ya kusukumia, hao hawapandi hata mahali palipo sawa. Kwao kinga ni mkokoteni wa magurudumu mawili. Wafungie plato kumi, haitawasaidia kitu. Wengine hata wamekwisha kuondoa pedali zisiwapige miguu. Ni kama chukudu za Goma, zile za mbao: hazina mnyororo kabisa, na zinafanya kazi nzuri sana, kwa sababu zinashuka na mzigo kutoka milimani na kupanda karibu bure. Kila njia ina chombo chake. Huku kwetu Kailo milima si mirefu kama ya Kivu. Ni mifupi lakini mikali, unashuka mpaka kijito na daraja la miti, unapanda, unatembea kidogo, unashuka tena. Na mzigo unakwenda pande mbili: mafuta na mchele kwenda, chumvi, sabuni na vitabu kurudi. Plato ndogo inamsaidia mwenye bidoni moja, mbili, mwisho tatu. Huyo ndiye mwanafunzi wetu. Kwa huyo tunaandika.

Basi kwa nini si derayeri?

Tunaomba ndugu zetu wa seksio ya mekanika watusikilize bila hasira. Derayeri ya mbele ni kitu chepesi kukielewa. Ni kizimba cha bati kinachofungwa kwenye tube ya kiti, juu kidogo ya meno ya plato kubwa, milimeta 1 mpaka 3 hivi. Ukivuta kabule, kizimba kinasukuma mnyororo kwa ubavu, unaangukia plato ndogo ao unapanda kubwa. Ni akili nzuri. Lakini derayeri ya mbele haiji peke yake. Inakuja na ndugu yake wa nyuma, na huyo ndugu ndiye mwenye matata.

Angalieni. Mnyororo unalala juu ya nusu ya plato. Ukitoka kwenye plato ya meno 42 na kuangukia ile ya meno 24, tofauti ni meno 18, nusu yake ni 9. Kila kifungo cha mnyororo ni nusu inchi, milimeta 12,7. Tisa mara 12,7 ni sentimeta 11 na zaidi. Mnyororo wote unalegea kwa sentimeta 11! Utaning’inia kama utumbo wa mbuzi na kutoka kwenye meno kabla hujasukuma mara mbili. Ili kuukaza lazima kuwe na ule mkono wa nyuma wenye resori na vigurudumu viwili vidogo, ambao unaning’inia chini ya pinyo, karibu na ardhi. Sasa tuambieni: katika majani yanayofunika njia, katika matope ya Novemba yanayofika mpaka kwenye akse, mkono ule utaishi siku ngapi? Kijiti kimoja kikiingia kati, unapinda, unaingia kwenye reo za gurudumu, na kinga inasimama katikati ya msitu na mgonjwa juu yake. Tumekwisha kuona kinga za vitesi zinazopita hapa. Nyingi derayeri imekwisha kukatwa, kabule imefungwa kwa kipande cha mpira, na mwenyewe anaendesha na pinyo moja, tena ile mbaya, ile iliyobaki mnyororo siku uharibifu ulipofika.

Na kuna plato ya tatu, ile ndogo kabisa ya meno 24, ambayo vijana wanaipenda kama kitoto. Piga hesabu tena. 24 kwa 28, na mizunguko 50 kwa dakika: hufiki kilometa 6 kwa saa. Hiyo ni mwendo wa mtu anayetembea. Kinga yenye mzigo ikienda polepole hivyo inaanza kuyumba, nawe unatumia nguvu kwa kusimama wima kuliko kwa kwenda mbele. Kilima kikiwa kikali kiasi cha kutaka plato 24, shuka usukume, utafika saa ile ile bila kuanguka.

Tunachopenda sisi ni ufundi mwingine, wa zamani, ambao hautaki resori wala kabule. Plato za kinga za okazio mara nyingi ni za meno 42, 34 na 24. Rulibre za pinyo tano mara nyingi ziko na 14, 17, 20, 24 na 28. Sasa jumlisheni: 42 na 20 ni 62. 34 na 28 ni 62. Jumla ni ile ile! Meno yanayopungua mbele yanaongezeka nyuma, kwa hiyo mnyororo ule ule unaenea pande zote mbili. Inabaki tofauti ya milimeta 4 hivi tu, haisumbui. Huhitaji kulegeza gurudumu, huhitaji kitu cha kukaza. Ile plato ya 24 tunaitoa kabisa, na hapo mkono wa pedali unaweza kukaa karibu zaidi na kadre bila kukwaruza.

Chini ya kilima unasimama. Unashika kijiti, unaangusha mnyororo kutoka 42 mpaka 34, halafu nyuma unaupandisha kutoka 20 mpaka 28, unazungusha pedali mara moja uone umekaa, unapanda. Juu ya kilima unafanya kinyume: kwanza nyuma, kisha mbele. Mtu aliyezoea hamalizi dakika moja. Kwenye 42 na 20 unakwenda karibu meta 4,7 kwa mzunguko, pungufu kuliko sasa, na hata kwenye njia sawa mwenye mzigo atashukuru.

Wengine wanasema kusimama kila kilima ni aibu, ni mambo ya kizee. Aibu gani? Mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, yalianza mwaka 1903, na derayeri ilikatazwa humo mpaka mwaka 1937. Miaka yote ile wale mashujaa wa magazeti, wakifika chini ya mlima, walikuwa wanashuka, wanafungua gurudumu la nyuma, wanaligeuza, kwa sababu lilikuwa na pinyo ndogo upande mmoja na kubwa upande mwingine. Wanafunga, wanapanda milima ya Alpes na Pyrénées. Na mtu aliyepigana sana ili watu wa kawaida wapate vitesi, Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufa mwaka 1930, naye alianza na plato mbili na mkono wake tu wa kuhamisha mnyororo. Baadaye alijaribu hata minyororo miwili kwenye kinga moja. Huyu hakuwa mshindani wa mbio. Alikuwa na gazeti lake, Le Cycliste, alilolianzisha mwaka 1887, na humo aliwatetea wanaopanda kinga kwenda mbali bila kuua mwili.

Msifikiri ni habari za makumbusho. Shirika moja la Marekani, World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, limekuwa likitoa kinga ngumu zinazoitwa Buffalo kwa wanafunzi na wauguzi wa vijijini katika nchi za Afrika. Kwa miaka mingi Buffalo ilikuwa na vitesi moja tu. Walipotaka kuongeza ya pili, na mwenye kuanzisha shirika anatoka katika kampuni inayotengeneza derayeri kwa dunia nzima, je, waliweka derayeri? Hapana. Mwaka 2023 walitoa kinga yenye minyororo miwili na rulibre mbili. Ukirudisha pedali nyuma kidogo, inabadilisha. Hakuna kabule, hakuna mkono unaoning’inia. Watu wenye viwanda vya derayeri, wakitengenezea njia za udongo, wameiacha derayeri nyumbani. Kwetu hilo lina uzito.

Sasa tugeukie upande wa pili, wa baba zetu. Tunawaheshimu. Lakini “walifika” si jibu kamili. Walifika, ndiyo, na leo wengi wao wako na magoti yasiyokunjika. Waulizeni wenyewe jioni, barazani. Wanafunzi wa miaka kumi na tatu wanaosukuma leo wana mifupa inayokua bado.

Kazi yenyewe si ngumu lakini ina mitego, na Papa fundi wa sokoni ametueleza vizuri. Mkono wa pedali wa kinga zetu umeshikwa na klaveti, na plato imekazwa pamoja nao, haitoki peke yake. Kwa hiyo tunabadilisha pedaliye yote, akse na vikombe vyake, na lazima kupima vis kabla ya kununua, si baada. Nyuma, rulibre ya pinyo tano ni pana kuliko ya pinyo moja, basi inatakiwa akse ndefu zaidi, na uma wa nyuma upanuliwe karibu sentimeta moja. Kadre ya chuma inakubali, ikifanywa polepole pande zote mbili. Mnyororo wetu wa zamani ni mpana, milimeta 3,2 ndani, nao utagusa pinyo za jirani. Wa plato hizi ni wa milimeta 2,4. Ni mwembamba, unakwisha upesi zaidi kama hausafishwi. Pimeni vifungo 24: mnyororo mpya ni sentimeta 30 na milimeta 5. Ukifika 30 na 8, utoeni, la sivyo utakula meno ya plato na mtatuita tena kutoa feza.

Freni! Karibu tusahau, na mama mwalimu wa biolojia alitukumbusha. Kinachopanda kitashuka. Zile freni za fimbo zinazobana gurudumu la chuma kutoka chini, mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Kabla ya plato yoyote, mipira ya freni ibadilishwe kwenye kinga zote tatu. Kama feza haitoshi kwa vyote, tunaanza na freni. Hapo hatuna ubishi na mtu.

Dada zetu wa intarnati nao wametuletea neno. Wanasema kinga zinaazimwa kwa wavulana tu, kwa sababu eti msichana hawezi kilima. Sasa, kama kilo 65 zimekuwa 31, sababu hiyo imekufa. Orodha ya kuazima iandikwe upya, majina yote pamoja.

Lakini kuna jambo moja linalotutia hofu kuliko derayeri zote. Wengi wa wenzetu hawabebi mafuta yao wenyewe. Wanabeba ya mtu, ambaye anawalipa kwa bidoni. Leo anampa kijana bidoni tatu. Akisikia kwamba kinga ya shule inapanda kilima kwa wepesi, atasema nini? Atasema: vizuri, chukua tano. Na kijana atakubali, kwa sababu bidoni mbili zaidi ni feza zaidi, na Jumapili usiku atafika katika hali ile ile ya zamani, tena na freni zisizoweza kushika. Hapo plato yetu itakuwa imemsaidia mwenye mafuta, si mwanafunzi. Feza yenu ya likelemba itakuwa imeingia katika mfuko wa mtu ambaye hata hamumjui.

Kwa hiyo tunaomba sheria, na tunaiomba kwa nguvu, hata kama wengine watatuchukia. Kinga ya shule isibebe zaidi ya bidoni tatu. Mwanafunzi wa darasa la kwanza na la pili asibebe zaidi ya moja. Anayeazima aandike saa ya kutoka, na kinga irudi Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anayerudisha usiku, mara ya kwanza aonywe, mara ya pili asiazime mwezi mzima, akiwa mwanafunzi wa kawaida ao akiwa kapita. Tunajua kuna watakaosema kwamba tunawanyima wenzetu riziki. Tumelifikiri sana. Mwenye bidoni tatu anayepanda vilima badala ya kusukuma anaweza kurudi siku ile ile, na wenye nguvu wataweza kwenda mara mbili kwa mwezi bila kupoteza Jumatatu hata moja. Anayetaka bidoni nane atafute kinga ya kwao.

Bwana Prefe amekubali kwamba komite ya wanafunzi ikutane naye Alhamisi, baada ya somo la mwisho. Kila darasa litume watu wawili, mvulana na msichana. Wa plato tatu waje na bei zao zilizoandikwa, si za kusikia tu. Wa baba zetu nao waje. Kama mtu ana hesabu inayopinga yetu, aiandike ubaoni tuione.

Na Jumamosi, hata kabla ya kukata neno, kutakuwa na salongo nyuma ya seksio ya mekanika kuanzia saa mbili asubuhi. Tutafungua minyororo ya kinga zote tatu, tuisafishe na kuipima. Wanaokuja walete vitambaa vya zamani, na mwenye mafuta ya taa kidogo nyumbani alete kichupa. Kinga ya pili, ile yenye kiti cha mbao, mnyororo wake tumekwisha kuupima: 31 kamili.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita,
kwa niaba ya makapita wote